Ardhi Haimezi Umeme: Mama Fundi Anajibu Barua Zenu

Mwezi huu barua zenu zimekuja na ugonjwa mmoja: rilei za elektroniki, vile vifaa vya kulinda mota na laini kwa kukata umeme penye hitilafu, zinazokata umeme bila sababu, au zinazojizima na kujiwasha zenyewe kama zimepagawa. Na karibu kila mwandishi, kabla hajashika kalamu, ameshashika nyundo akaenda kupigilia ardhini rodi nyingine ya ethi, ule mchuma unaounganisha mitambo na ardhi. Siwacheki. Nimepima rilei miaka 27, sehemu kubwa kwenye vituo vya kupozea umeme na iliyobaki viwandani, na mimi nilianza na nyundo hiyo hiyo. Nimechagua barua 5. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana nyingine zote zimo ndani yake.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha mkonge. Mwaka jana tulitoa rilei ya zamani ya joto iliyokuwa inalinda mota ya korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, tukaweka ya elektroniki. Tangu siku hiyo, mota ya kufungia marobota ikizimwa, korona nayo inasimama. Sio kila mara, ni mara 3 au 4 kwa zamu. Rilei inaandika kwamba imepata amri ya kusimama kutoka nje, na hakuna aliyegusa kitufe. Nimeongeza rodi 3, ukinzani wa ethi umeshuka kutoka omu 9 hadi 4. Aliyetuuzia akasema rilei inataka ethi safi ya peke yake, nikaipigilia rodi yake nje ya ukuta, mbali na zile nyingine. Hali ni ile ile. Meneja anasema nimeharibu kitu kizima.
*Fundi wa mkonge, Korogwe*

Marahaba, mwanangu. Mwambie meneja hujaharibu kitu. Hizo rodi zina kazi yake, ila si hii.

Maneno yako "sio kila mara" ndiyo yaliyonionyesha mwizi. Kontakta ya mota ya marobota, ile swichi inayoiwasha na kuizima, ina koili, na koili ni kitu kibishi: mkondo ukishaingia humo hautaki kukatwa. Ukibonyeza kitufe cha kuzima, pengo linafunguka, mkondo unaliruka kwa cheche, cheche inazimika, volti inapanda, cheche inaruka tena. Hayo yanajirudia mara nyingi sana kabla hujapepesa jicho, na mruko mmoja unaweza kupita volti 1,000 ingawa koili yenyewe ni ya volti 230. Sasa, umeme wetu unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde. Pengo likifunguka karibu na sifuri, cheche inakuwa ndogo na korona inaendelea kula majani. Likifunguka mkondo ukiwa kileleni, korona inasimama. Ni bahati nasibu, na wewe unashindwa mara 3 au 4 kwa zamu.

Msukosuko huo wa volti, sisi tunauita kelele, unafikaje kwenye rilei? Sijafika kiwandani kwako, lakini naweka dau kahawa yangu ya jioni kwamba nyaya za kitufe cha kusimamisha korona zimelala trei moja na nyaya za koili ya marobota, tena zimefungwa pamoja kwa vile vibano vya plastiki, safi kabisa, mita 20 au 30. Nyaya mbili zikilala ubavu kwa ubavu namna hiyo zimeshakuwa kapasita, hata kama hakuna aliyeinunua. Kwa umeme wa hezi 50, kapasita ndogo hivyo ni ukuta. Kwa mruko unaopanda ndani ya sehemu chache za bilioni ya sekunde, ni mlango ulioachwa wazi. Nyumbani umeshaisikia: friji inazima, redio ya masafa ya kati inakwaruza. Hakuna waya kati ya friji na redio, na bado sauti imefika.

Rilei ya joto haikujali kwa sababu ilihitaji kipande chake cha chuma kipate moto na kupinda kwa sekunde kadhaa. Cheche zilikuwepo tangu kiwanda kijengwe, ila zilikuwa zikimpigia kelele kiziwi. Sasa mmeleta mwenye masikio.

Nije kwenye rodi. Mafundi tumefundishana kwamba ardhi ni shimo la taka: umeme usioutaka, utupe huko, utamezwa. Ardhi haimezi umeme. Mkondo wowote unarudi ulikotoka. Laini ikianguka chini, mkondo wake unarudi kwenye transfoma. Kelele ya koili inarudi kwenye koili. Ungeshusha ethi yako hadi sehemu ya kumi ya omu, kelele ile isingetoka kwenye trei ikashuka ardhini, kwa sababu huko hakuna inachokifuata. Itarudi nyumbani kwa njia iliyo rahisi, na leo njia hiyo inapita ndani ya rilei yako.

Kwa hiyo anza kwenye chanzo. Chukua resista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, uziunganishe moja nyuma ya nyingine, kisha uzifunge kwenye ncha mbili za koili ya kontakta ya marobota, pale A1 na A2. Kapasita iwe ile iliyotengenezwa kukaa kwenye umeme wa njia kuu, imeandikwa X2 na volti 275. Usiichomoe kwenye redio mbovu, itapasuka. Ukitaka, vinauzwa vijiboksi vilivyokwisha tengenezwa, vinabanwa juu ya kontakta. La muhimu ni kikae pale pale kwenye koili. Nimewahi kukuta mtu amekiweka kwenye paneli, mita 15 kutoka kwenye koili, na waya wote wa katikati ukaendelea kupiga kelele kama antena. Kama una kontakta nyingine za DC, yaani za umeme kama wa betri, hizo ziwekee diodi, ule mstari wake uelekee chanya, ukijua kwamba kontakta itachelewa kidogo kuachia. Ukiigeuza diodi, fyuzi itakuambia.

Kabla ya kuweka, zima na uwashe mota ya marobota mara 30 na uandike korona imesimama mara ngapi. Baada ya kuweka, rudia mara 30. Hiyo karatasi ndiyo utakayompelekea meneja.

Pili, tenganisha nyaya. Za amri za rilei zipate njia yake, walau sentimita 30 kutoka kwenye nyaya za mota na za koili, na zikilazimika kukutana zipishane kama njia panda, zisilale pamoja. Waya unaokwenda na unaorudi usokotwe pamoja kama kamba ya makumbi. Nafasi iliyo kati ya hizo nyaya mbili ndiyo inayoingiza usumaku wa mota za jirani. Ukiisokota, kila pindo linafuta la jirani yake. Hiyo haina gharama yoyote zaidi ya vidole vyako.

Tatu, hiyo "ethi safi". Hili ndilo lililonifanya niiweke barua yako mbele. Rodi ya rilei iko peke yake nje ya ukuta, haijaunganishwa na za kiwanda. Ngoja mvua za vuli. Radi ikipiga jengo, na tuseme ampia 10,000 tu zikashuka kwenye rodi zako za omu 4, kiwanda chote kinapanda hadi volti 40,000: trei, mota, na nyaya zinazoingia kwenye rilei. Rodi yako safi nje ya ukuta imebaki karibu na sifuri. Hizo volti 40,000 zitatafuta mahali pa kukutana, na mahali penyewe ni kile kiboksi ulichokipigilia ethi yake. Kiwanda kizima kikipanda pamoja na kushuka pamoja, rilei haina habari, kama abiria ndani ya jahazi: wimbi linampandisha na kumshusha, na kikombe chake cha chai kiko pale pale mezani.

Na si radi peke yake. Tuseme rodi hiyo ina omu 20. Waya wa volti 230 ukigusa bodi ya rilei, yaani gamba lake la chuma, zitapita ampia zisizofika 12, na breka ya ampia 16 itakaa kimya huku bodi ikimsubiri mtu aiguse. Kaunganishe rodi hiyo na ethi kuu leo, kwa mkanda wa shaba mfupi. Usisubiri jibu la aliyekuuzia.

Mama Fundi, shikamoo. Mimi niko mafunzoni kwenye kituo cha kilovolti 132 karibu na Mombasa. Tunafunga paneli mpya za rilei za kidijitali, na kebo zote za kutoka uwanjani, kwenye mitambo ya nje, zina ngao ya shaba iliyozunguka nyaya za ndani. Foromani wetu, mzee wa siku nyingi, anasema ngao ifungwe ethi upande mmoja tu, ukifunga pande mbili mkondo utazunguka humo. Kitabu cha rilei kinasema pande zote mbili. Nimemuuliza kwa adabu akaniambia kitabu hakijawahi kufanya kazi uwanjani. Nani ana haki?
*Mwanafunzi wa kazi, Mombasa*

Marahaba. Mheshimu foromani wako, na ngao funga pande zote mbili.

Mzee hasemi uongo. Ngao iliyofungwa upande mmoja inazuia kelele inayovuka kwa njia ya volti, ile ya kapasita niliyoieleza kwa ndugu yako wa Korogwe. Kwa kebo fupi ya kipima joto, au ya kipaza sauti msikitini, hiyo inatosha na ni bora, kwa sababu ukifunga pande mbili, mkondo wa hezi 50 unaozunguka kwenye ngao unachafua ishara ndogo ndogo. Na rilei alizokulia nazo zilikuwa na sahani ya alumini inayozunguka. Msukosuko wa sehemu ya milioni ya sekunde hauisogezi sahani ile hata unywele mmoja.

Lakini simama uwanjani siku wanapofungua aisoleta ya kilovolti 132, ile swichi ya kutenganisha, baa kuu ya umeme ikiwa hai. Mkono unafunguka polepole, unasikia mlio wa kuchanika kama kitenge kinachopasuliwa. Mlio huo ni mamia ya cheche, na kila moja inaifanya baa itetemeke kwa masafa ya kuanzia mamia ya kilohezi hadi megahezi kadhaa. Usumaku wa mtetemo huo unaingia kwenye mitaro ya kebo chini ya miguu yako. Usumaku hauzuiwi na ngao iliyofungwa upande mmoja. Unazuiwa na mkondo unaozunguka kwenye ngao na kuupinga, na mkondo hauwezi kuzunguka kama njia imekatika. Kile anachokiogopa mzee ndicho dawa yenyewe.

Kuna na jambo la urefu. Kwa megahezi 1, wimbi zima hewani ni mita 300, robo yake ni mita 75, na ndani ya kebo inapungua zaidi. Kebo ya kutoka uwanjani ina mita 100, 150. Ukifunga upande wa paneli tu, kule uwanjani ngao haina ethi yoyote kwa macho ya kelele. Inaning'inia kama antena.

Hofu ya mzee ina sehemu moja ya kweli ambayo usiipuuze. Laini ikianguka chini karibu na kituo, uwanja na chumba cha rilei haviwi tena na volti moja, na mkondo mkubwa wa hezi 50 utataka kupita kwenye ngao nyembamba na kuiunguza. Ndiyo maana kwenye mtaro, sambamba na kebo, unalazwa mkanda mnene wa shaba uliofungwa kwenye gridi ya ethi kule uwanjani na huku chumbani. Mkondo mzito unapita humo, ngao inabaki na kazi yake. Uliza kama mkanda huo upo kabla ya kufunga hata kebo moja.

Halafu ni namna ya kufunga. Nitakusimulia aibu yangu. Mwaka wangu wa pili kazini nilifunga paneli nzuri kupita kiasi. Kila ngao niliichana, nikasokota nyuzi zake kuwa mkia, nikaunganisha na waya wa kijani na njano wa mita 1 na zaidi hadi kwenye baa ya ethi, na urefu uliozidi niliuviringisha duara kama kitambaa cha ushungi, nikaufunga vibano. Msimamizi alipiga picha. Aisoleta ya kwanza ilipofunguliwa, rilei 2 zikapiga kengele.

Piga hesabu. Mita 1 ya waya ina kama mikrohenri 1. Kwa hezi 50 hiyo ni omu 0.0003, mita yako ya mkononi haitaiona. Kwa megahezi 1 ni omu 6.3. Kwa megahezi 10 ni omu 63. Na mimi nilikuwa nimeuviringisha waya kwa mikono yangu, yaani nimetengeneza koili na kuipamba. Unene wa waya haukusaidii sana hapo, kinachosaidia ni ufupi na upana. Tumia glandi ya chuma, kile kibano cha kupitishia kebo, inayoikumbatia ngao mzunguko mzima pale kebo inapoingia kwenye paneli, na kwangua rangi chini ya glandi kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha paka grisi isipate kutu. Huko kwenu chumvi ya baharini inaingia kila mahali. Rangi ni kihami. Nimezikuta paneli za gharama kubwa ambazo mlango, bodi na baa ya ethi vimeunganishwa kwa rangi tupu.

Mama, habari za kazi. Sisi tuko kwenye kituo cha kusukuma maji. Rilei ya pampu inajizima na kuwaka upya usiku tu. Nimeandika saa: saa 4 kamili, saa 5 kamili, saa 7 kamili. Mchana haifanyi hivyo. Wazee hapa wameanza kuongea mengine.
*Fundi wa pampu, Dodoma*

Nzuri, baba. Nimecheka peke yangu. Jini linalofuata saa ya ukutani hivyo lazima limeajiriwa. Nani kwenu anatoa taarifa kila saa ikigonga? Mlinzi. Na usiku kuna baridi, anaingia kukaa chumba cha paneli, mlango wa paneli uko wazi labda kwa sababu kitasa kimekufa, naye anabonyeza redio yake ya upepo akiwa hatua moja kutoka kwenye rilei.

Redio ya wati 5 ikiwa mita 1 inatoa uwanja wa umeme wenye nguvu ya kama volti 12 kwa kila mita, hata zaidi kutegemea antena. Rilei nyingi za viwandani hupimwa kiwandani kwa volti 10 kwa mita. Akisogea mita 2 tayari yuko chini ya kipimo hicho. Akiwa sentimita 30, ni zaidi ya 40. Mfanye jaribio mchana, pampu ikiwa imesimamishwa, na mlinzi awepo ajionee ili asidhani anasingiziwa. Kisha mtafutieni pa kukaa.

Mlango ukitengenezwa, usiridhike kwa kuwa umefungwa. Tangu Faraday alipojenga kile chumba chake cha chuma mwaka 1836 na kuingia ndani na vipimo vyake, tunajua chuma kilichozunguka pande zote kinaficha kilichomo. Ila kinachoharibu ni urefu wa ufa, sio ukubwa wa tundu. Redio ya megahezi 150 ina nusu wimbi la mita 1. Ufa wa mlango wa mita 1 usiogusana chuma kwa chuma, hata ukiwa mwembamba kama karatasi, unapitisha kama dirisha. Matundu madogo 100 ya kupumulia hayana shida hiyo. Weka ule utepe wa shaba uliosukwa kati ya mlango na bodi, mfupi, juu na chini, ukwangue rangi.

Assalaam alaykum Mama Fundi. Kwetu ardhi ni mwamba wa matumbawe, rodi haiingii. Fundi wa zamani alikuwa anachimba shimo, anaweka chumvi na mkaa, anamwagia maji. Je, ni kweli inasaidia? Nina rilei za jenereta zinazosumbua.
*Msomaji, Lamu*

Wa alaykum salaam. Inasaidia, kwa muda. Chumvi inapunguza ukinzani wa udongo, mvua za masika zinaiosha, na iliyobaki inakula shaba na chuma. Baada ya miaka michache unafukua unakuta kijiti. Udongo wa bentonaiti unashika maji bila kula chuma, na mkanda mrefu wa shaba uliolazwa kwenye mtaro utakupa zaidi kuliko kupigana na mwamba. Ujue tu hali yenyewe ilivyo: rodi ya mita 2.4, nene milimita 16, kwenye udongo mzuri wa omu-mita 100, inakupa kama omu 40. Udongo mkavu wenye ukinzani mara 10 ya huo, ni omu 400. Na rodi mbili zikikaa karibu kuliko urefu wa rodi moja zinagawana udongo ule ule, kama watu wawili kwenye mkeka wa mmoja.

Ukipima ukinzani wa ethi, rodi ya katikati ya kipimo iwe kwenye asilimia 62 ya umbali kutoka kwenye ethi yako hadi rodi ya mbali, na uhamishe mbele na nyuma kidogo uone kama jibu linatulia. Ethi nzuri utaihitaji kwa radi na kwa usalama wa watu. Rilei za jenereta, soma jibu la Korogwe.

Shikamoo Mama. Kwenye kituo chetu cha kilovolti 33 nimekuta nyaya za transfoma za mkondo, zile zinazopunguza mkondo mkubwa ili rilei iusome, zimefungwa ethi kule uwanjani kwenye boksi, na tena kwenye paneli. Toleo lako moja ulisema ngao ifungwe pande mbili. Basi na hizi niziache hivyo?
*Fundi mdogo, Singida*

Marahaba. Usiziache! Na nashukuru umeuliza, maana hapa ndipo watu wanachanganyikiwa.

Ngao ni mtumishi. Kazi yake ni kubeba mkondo mchafu, kwa hiyo mpe njia pande mbili. Waya wa transfoma ya mkondo umebeba habari: hizo ampia 1 au 5 ndizo rilei inazosoma. Ukiufunga ethi mahali pawili, umeunganisha ardhi ya uwanjani na ardhi ya chumbani kupitia ndani ya habari yenyewe. Siku ya amani hutaona kitu. Siku laini itakapoanguka, ardhi hizo mbili zitatofautiana volti, mkondo utapita kwenye nyaya zako, na rilei itasoma uongo.

Yalinikuta. Usiku wa mvua, radi ikapiga laini ya kilovolti 33, mbali na kituo. Laini ikajikata kama inavyotakiwa. Sekunde hiyo hiyo rilei ya kulinganisha mikondo ya transfoma kubwa nayo ikakata, ikisema transfoma ina hitilafu ndani, na mji mzima ukawa giza. Tulipima mafuta, tukapima koili, transfoma ilikuwa nzima kama yai. Usiku wa pili ndipo mwenzangu mmoja, mtu wa maneno machache, akafungua kiungo cha ethi kwenye paneli akapiga mega, kile kipimo cha uhami, ya volti 500 kati ya nyaya na ardhi. Ilipaswa kusoma megaomu. Ikasoma sifuri. Kulikuwa na ethi nyingine imejificha: ndani ya boksi la uwanjani, nyuma ya kifuniko chenye nyigu, skrubu moja ya zamani ilikuwa imebana lagi ya ethi ambayo haikuwa kwenye mchoro wowote.

Fanya hivyo hivyo. Kituo kiwe kimezimwa upande huo na una kibali mkononi, kwa sababu waya wa transfoma ya mkondo haufunguliwi ukiwa na mzigo: volti zitakazotokea kwenye ncha zilizo wazi zinaua. Toa rilei kwenye saketi kama kitabu chake kinavyoelekeza, halafu fungua ethi ya paneli, piga mega, ufuatilie hadi uipate ya pili na uiondoe. Ibaki ile ya paneli, maana hapo ndipo nyaya za pande zote za transfoma zinakutana, na ndipo mtu atakayekuja baada yako ataiona bila kupanda ngazi. Kisha irudishe ile uliyoifungua. Narudia: irudishe. Saketi isiyo na ethi hata moja ni hatari kuliko yenye mbili. Mimi bolti ya ethi niliyoifungua siiweki mfukoni wala juu ya paneli. Naishika kwa mkono wa kushoto muda wote mega inapopigwa, hata kama kipimo kinachukua nusu saa na simu inaita.